Ushahidi wa kidole cha shahada: Figo zinapoifilisi mifupa

Mgonjwa amekuja kwa ajili ya nyonga. Akitaka kuinuka kitini lazima ashike meza, daladala anapanda kwa kuvutwa mkono, na usiku kugeuka ubavu ni kazi ya dakika nzima. Picha ya nyonga ameshapiga, na ya kiuno pia. Leo daktari anamwandikia nyingine, na safari hii ni ya viganja vya mikono. Mgonjwa anashangaa: mikono haina tatizo, inapigwa picha ya nini?

Picha inaporudi, daktari hana haja ya kukikagua kiganja kizima. Anaanzia kwenye kidole cha shahada na cha kati kinachofuata, kwenye pingili ya katikati, upande unaoelekea dole gumba. Mfupa wenye afya una ukingo ulionyooka kama mstari wa wino. Ukingo wa huyu umetafunwatafunwa, mithili ya kanga iliyosahaulika sandukuni ikaliwa na nondo.

Kidole hicho tunakiita cha shahada kwa kuwa ndicho kinachoinuliwa mtu anaposhuhudia. Kwenye chumba cha eksirei nacho kinashuhudia. Kinasema kwamba tezi nne ndogo za shingoni zimefanya kazi kupita kiasi kwa muda mrefu, na kwamba chanzo cha yote hakiko nyongani wala mkononi. Kiko kwenye figo.

Ushauri wa kila mtu

Kabla ya kufika kwenye picha hiyo, wengi hupita njia ileile. Maumivu huanza kwa kunong'ona, kwenye mgongo, nyonga, magoti na visigino. Mtu husema ni umri, ni baridi, ni ndoo za maji alizobeba ujanani. Nyumbani anaambiwa anywe supu ya kongoro, aongeze maziwa, aote jua la asubuhi. Shoga yake anamletea vidonge vya kalsiamu. Duka la dawa la mtaani linampa diklofenaki, zikiisha anarudi kuchukua nyingine, na siku ya soko anaongeza chupa ya mitishamba.

Hakuna aliyemtakia mabaya. Ushauri wote huo una mantiki iwapo ugonjwa ni wa mfupa. Lakini mfupa uliodhoofishwa na figo hautibiwi kwenye mfupa, na baadhi ya dawa hizo za huruma humsukuma mgonjwa shimoni. Tukitaka kuelewa kwa nini, inabidi tufungue daftari la hesabu ambalo figo hulitunza kimyakimya tangu mtu hajazaliwa.

Hesabu isiyofunga

Mwili wa mtu mzima una kalsiamu inayokaribia kilo moja, na asilimia 99 yake imo katika mifupa na meno. Fosforasi ni kama gramu 700, na asilimia 85 imo humohumo. Mabaki machache yanayozunguka kwenye damu na ndani ya seli ndiyo yanayoufanya moyo upige na misuli ikaze. Mfupa, basi, ni nguzo na ni ghala pia. Kalsiamu ya damu ikipungua, mwili hausiti hata kidogo: unafungua ghala, maana mfupa dhaifu unavumilika na moyo uliosimama hauvumiliki.

Anayeweka hesabu sawa ni figo. Kila moja ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na zote mbili huchuja kama lita 180 za majimaji ya damu kwa siku. Katika kazi hiyo hutoa fosfeti iliyozidi, hutoa asidi ambayo ingeuyeyusha mfupa taratibu, na huipa vitamini D nguvu ya kufanya kazi.

Figo zinapochoka, pengine kwa kisukari au shinikizo la damu lililoachwa bila tiba, fosfeti huanza kubaki. Wa kwanza kulalamika ni mfupa wenyewe. Seli zilizozama ndani yake hutoa homoni iitwayo FGF23, iliyotambuliwa mwaka 2000, inayozilazimisha figo zitoe fosfeti zaidi kwenye mkojo. Mbinu hiyo hufaulu kwa muda, ila ina gharama: homoni hiyohiyo huzizuia figo kuiamsha vitamini D. Vitamini D isipoamka, utumbo hauchukui kalsiamu ya kutosha kwenye chakula. Kalsiamu ya damu inashuka, na hapo tezi za parathairoidi, zile nne za shingoni, zinashtuka na kumwaga homoni yao, PTH, inayoamuru mifupa itoe akiba.

Mfupa unatii. Lakini haujui kutoa kalsiamu peke yake, huitoa pamoja na fosfeti. Figo nzima zingeitupa fosfeti hiyo chooni, hizi zilizochoka haziwezi. Kwa hiyo kila mkopo unaochukuliwa kuziba pengo la kalsiamu unaongeza deni la fosfeti, na deni hilo linaziamsha tezi upya. Mzunguko huu huanza wakati figo bado zina karibu nusu ya uwezo wake, miaka kadhaa kabla mtu hajahisi maumivu yoyote.

Tezi za kifaru

Tezi hizo ni miongoni mwa viungo vya mwisho vya mwili kutambuliwa na wanasayansi, na aliyezitambulisha alikuwa mnyama. Bustani ya wanyama ya London ilimnunua kifaru wa Kihindi mwaka 1834. Alipokufa mwaka 1849, mtaalamu wa maumbile ya wanyama, Richard Owen, alimpasua na kuona kijitezi kilichojibanza kwenye tezi kubwa ya shingo. Kwa binadamu ilibidi kusubiri hadi 1880, ambapo Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari mjini Uppsala, Uswidi, alizieleza tezi nne, kila moja ikikaribia ukubwa wa punje ya mchele.

Miaka mitatu baadaye, 1883, daktari wa upasuaji wa Uingereza, Richard Clement Lucas, aliandika kuhusu vijana waliopata matege katika umri ambao matege hayatarajiwi, huku mkojo wao ukiwa na protini. Alikuwa ameuona mfupa na figo katika mgonjwa mmoja. Kilichokosekana ni kamba ya kuviunganisha.

Kamba hiyo ilianza kuonekana Vienna mwaka 1925, Felix Mandl alipomtoa mfanyakazi wa tramu tezi moja ya parathairoidi iliyovimba. Mifupa ya mtu huyo, iliyokuwa ikivunjika ovyo, ilipata nafuu kwa miaka kadhaa. Kwake tezi ilikuwa imeugua yenyewe. Kwa mgonjwa wa figo zote nne hukua kwa kuchapwa kazi, na zikishakua sana huwa kama mlinzi kiziwi, hata kalsiamu ikitosha zinaendelea kupiga yowe.

Jua lipo, kiwanda kimefungwa

Turudi kwenye ule ushauri wa kuota jua. Nchi zetu hazina uhaba wa jua, na ni kweli kwamba ngozi hutengeneza vitamini D kwa jua. Ila inayotengenezwa kwenye ngozi ni malighafi. Hupelekwa kwenye ini ikapitia hatua ya kwanza, kisha ikamaliziwa kwenye figo. Isipofika hatua ya mwisho haina nguvu ya kuuambia utumbo uchukue kalsiamu.

Jambo hilo lilidokezwa Beijing kabla halijaelezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, madaktari S. H. Liu na H. I. Chu, waliokuwa wakiwatibu watu wenye mifupa laini, waligundua kwamba vitamini D ya kawaida iliwasaidia wagonjwa wengine lakini haikuwafaa wenye figo mbovu. Walipotumia dawa inayofanana nayo, iliyotengenezwa maabara, mifupa ya hao wa figo ilijibu. Wao ndio waliouita ugonjwa huu jina ambalo madaktari wanalitumia hadi leo, jina lenye maana ya mfupa ulioharibika kwa sababu ya figo. Sababu ya kitendawili chao ilipatikana mwaka 1970, wakati D. R. Fraser na E. Kodicek wa Cambridge walipoonyesha kwamba figo ndiyo inayotengeneza aina ya vitamini D yenye nguvu. Ile dawa ya Beijing haikuhitaji kupita kwenye kiwanda hicho, ndiyo maana ilifanya kazi hata kiwanda kilipofungwa.

Leo vitamini D iliyokwisha kuamshwa hupatikana kwa vidonge na sindano. Hutolewa kwa vipimo, kwa sababu ikizidi huipandisha kalsiamu na fosfeti ya damu kwa pamoja.

Mfupa unaokimbia na mfupa uliolala

Hata mtu mzima asiye na ugonjwa wowote hubomoa na kujenga upya karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yake kila mwaka. Ugonjwa wa figo huuvuruga mwendo huo kwa namna mbili zinazokinzana.

Namna ya kwanza ni ya mwendo wa kasi. PTH ikiwa juu sana, wabomoaji huwashinda wajenzi, na penye mfupa panabaki nyuzinyuzi. Fuvu kwenye picha huonekana kama limemwagiwa chumvi na pilipili manga. Pingili za uti wa mgongo huwa na mistari ya giza na mwanga kama jezi ya mchezaji wa raga. Kwa wachache taya huvimba na meno kuachana hadi sura inabadilika. Misuli ya mapaja hulegea, kano zinaweza kukatika, na ngozi inawasha bila upele.

Namna ya pili ni ya mfupa uliolala. Tezi zikinyamazishwa kupita kiasi, hasa kwa kalsiamu na vitamini D nyingi, kazi ya kubomoa na kujenga husimama. Nyufa ndogondogo zinazotokea kila siku hazina fundi wa kuziziba, na kalsiamu inayoingia mwilini haipati mfupa wa kuipokea. Huenda kukaa kwenye kuta za mishipa ya damu na vali za moyo, ikazifanya ngumu. Kwa mgonjwa huyu mifupa inapoteza ugumu huku mishipa ikigeuka mifupa. Kwa sababu hiyo, mwaka 2006 wataalamu wa kundi la kimataifa la KDIGO walipendekeza ugonjwa huu utajwe kwa jina linalojumuisha madini, mifupa na mishipa. Magonjwa ya moyo na mishipa ndiyo yanayoongoza kuwaua wagonjwa wa figo.

Vidonge vya kalsiamu vya shoga wa mgonjwa wetu sasa vinaonekana kwa sura nyingine. Kalsiamu kaboneti hutumika kweli hospitalini, lakini kwa kazi tofauti: humezwa pamoja na chakula ili inase fosfeti tumboni, itoke nayo kwenye choo. Ikimezwa bila chakula hainasi kitu, inaingia kwenye damu kama mzigo. Hapo saa ya kumeza ina uzito sawa na kidonge chenyewe.

Kwa watoto gharama ni kubwa zaidi, maana mifupa yao bado inajengwa. Mtoto aliyezaliwa na kasoro ya njia ya mkojo, figo zikaharibika taratibu, anaweza kudumaa na kupata matege, wazazi wakadhani ni lishe. Matege yanayoanza ukubwani, au yasiyopona kwa vitamini D ya kawaida, yanataka kipimo cha figo. Kwa watu wazima, utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wanaosafishwa damu huvunjika nyonga zaidi ya mara nne kuliko watu wengine wa umri wao.

Maji ya Newcastle na maji yetu

Kusafisha damu kwa mashine kuliokoa maisha ya wengi, lakini katika miaka ya 1970 kulileta ugonjwa mpya wa mifupa. Katika mji wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, wagonjwa waliokuwa kwenye mashine walivunjika mbavu na nyonga kwa wingi, na vitamini D haikuwasaidia. Mwaka 1978 madaktari wa huko walionyesha kwamba kisa kilikuwa maji, na waliyemshuku hasa alikuwa alumini. Chumvi za alumini, ndugu wa shabu tunayotumbukiza kwenye ndoo ya maji ya mto ili tope litulie, hutumika kusafishia maji ya bomba. Anayekunywa maji hayo huzuiwa na utumbo asinyonye alumini nyingi. Mgonjwa wa mashine hana ulinzi huo: kikao kimoja huikutanisha damu yake na maji kama lita 120, kukiwa na utando mwembamba tu katikati. Tangu hapo maji ya mashine husafishwa kwa mitambo maalumu. Hilo pia ndilo linalowafanya wagonjwa wa figo waonywe dhidi ya dawa za kiungulia zenye alumini.

Ukanda wetu una maji yake ya kuangalia. Kwenye Bonde la Ufa, Tanzania, Kenya na Ethiopia, visima vingi vina floraidi inayozidi sana kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Watu wa Arumeru wanayajua meno ya kahawia, na wapo ambao mifupa yao imekakamaa kwa maji hayo. Floraidi iliyomezwa hutoka mwilini hasa kwa njia ya figo. Figo zikichoka, sehemu kubwa zaidi hubaki na kukimbilia mfupani.

Sahani na mashine

Je, mashine haiwezi kuondoa fosfeti yote? Tupige hesabu ya wiki. Mtu anayekula miligramu 1,000 za fosforasi kwa siku, utumbo ukachukua asilimia 60, anaingiza miligramu 4,200 kwa wiki. Kikao cha saa nne hutoa takriban miligramu 800 hadi 1,000. Kwa vikao vitatu vya kawaida zinatoka 3,000 kwa kadirio la juu. Kwa viwili, ambavyo ndivyo vilivyolipiwa na bima ya NHIF nchini Kenya kwa miaka kadhaa na ndivyo wengi wetu wanavyovimudu, zinatoka 2,000. Kilichobaki kinatafuta pa kukaa.

Pengo hilo huzibwa na dawa za kunasa fosfeti, na sahani. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina fosforasi zaidi ya miligramu 200. Dagaa wakavu, tunaowatafuna na mifupa yao, wanazo nyingi. Maharage na dona pia zinazo, ingawa sehemu kubwa imefungwa kwa namna ambayo utumbo wa binadamu hauifungui vizuri. Kuloweka, kuchemsha na kumwaga maji ya kwanza hupunguza zaidi. Ya kuogopwa kuliko zote ni ile ya kiwandani, inayotiwa kwenye soseji, jibini za kupaka na soda nyeusi za kola, kwa sababu karibu yote hupita kwenye damu. Supu ya kongoro, kwa sifa zake zote, hutoa kalsiamu kidogo kuliko inavyosifiwa, na mara nyingi huja na chumvi isiyomfaa mwenye figo mbovu.

Hata hivyo asijinyime ovyo. Anayesafishwa damu anahitaji protini, na protini na fosforasi huenda pamoja. Ute wa yai ni miongoni mwa vyakula vyenye protini nyingi na fosforasi kidogo. Mpango wa chakula upangwe na mtaalamu wa lishe akiwa na majibu ya damu mkononi. Maziwa yanayomfaa mjukuu yanaweza kumdhuru bibi.

Kupandikizwa figo, huduma ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili iliianza Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, hurudisha mtunza hesabu kazini. Mifupa mingi hupata nafuu, ingawa zile tezi zilizozoea kupiga yowe zinaweza kuchukua muda kunyamaza, na baadhi ya dawa za kulinda figo mpya huudhoofisha mfupa. Tezi zisiposikia dawa kabisa, huondolewa kwa upasuaji.

Swali la dukani

Sasa zile diklofenaki. Dawa za kundi lake, ibuprofeni ikiwemo, huondoa maumivu kwa kuzuia kemikali ambazo pia huiwezesha figo iliyochoka kujipatia damu. Kwa mwenye figo nzima dozi ya siku mbili tatu kwa kawaida haina neno. Kwa mwenye figo zilizobakiwa na robo ya uwezo, mfululizo wa wiki unaweza kumalizia robo hiyo. Anameza kwa ajili ya mfupa, figo zinadhoofika, mfupa unauma zaidi, anarudi dukani. Ni mzunguko wa pili juu ya ule wa tezi, na huu tumeutengeneza wenyewe.

Mwongozo wa KDIGO unataka kalsiamu, fosfeti na PTH zianze kupimwa pale uwezo wa figo unapokuwa chini ya 60 kwa kipimo cha uchujaji, wakati mgonjwa bado anatembea vizuri na kidole chake cha shahada bado hakijatafunwa. PTH ni kipimo cha hospitali kubwa, na si rahisi mfukoni. Lakini cha kutangulia ni kreatinini ya damu na protini ya mkojo, na hivyo vinafanyika hata wilayani. Mwenye kisukari au shinikizo la damu anatakiwa avipime angalau mara moja kwa mwaka, aumwe asiumwe.

Na muuza duka la dawa, ambaye wengi wetu humwona mara nyingi kuliko daktari, anaweza kuwa wa kwanza kuukata mzunguko. Anaporudi yule mama wa nyonga kwa mara ya tatu mwezi huu, kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu, amuulize: "Mama, figo umepima lini?"